Usawazishaji wa Mitandao ya Kijiodesia Inayopanuka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Usawazishaji ni nini, na kwa nini vipimo visitumike kama vilivyotoka kwenye kifaa?

Mtandao wa kijiodesia ni kundi la alama za ardhini zinazounganishwa kwa vipimo ili zipate koordineti, yaani namba zinazoeleza mahali pake. Kila kipimo kina kosa lake. Ukipima pembe zote tatu za pembetatu ndogo na kuzijumlisha, hupati nyuzi 180 kamili. Ukipima vimo kutoka alama moja, ukazunguka na kurudi pale pale ulipoanzia, jumla ya mipando na mishuko haiwi sifuri. Maadamu umepima zaidi ya kile kinachotosha kupata koordineti, njia mbili za kuifikia alama moja zitakupa majibu mawili, na anayechagua njia moja na kuitupa ya pili ametupa taarifa aliyoigharamia. Usawazishaji ni utaratibu wa kihisabati unaozigawa hitilafu hizo kwa vipimo vyote kulingana na uaminifu wa kila kimoja, ukatoa jibu moja kwa kila alama, na pamoja na jibu hilo ukatoa kadirio la kiasi ambacho jibu lenyewe linaweza kuwa limekosea.

Watu wengi huchukua lile jibu na kuliacha kadirio. Katika mtandao unaojengwa mara moja na kuachwa hivyo, madhara ya tabia hiyo ni madogo. Katika mtandao unaopanuliwa kila baada ya miaka michache, ndiyo chanzo cha matatizo karibu yote yanayoulizwa hapa chini.

Kanuni ya miraba midogo kabisa inasema nini?

Inasema kwamba miongoni mwa majibu yote yanayowezekana, tuchague lile ambalo jumla ya miraba ya mabaki, kila mraba ukiwa umezidishwa kwa uzito wa kipimo chake, ni ndogo kuliko zote. Baki ni tofauti kati ya kipimo kilivyosomwa na kilivyo baada ya kusawazishwa. Uzito ni moja kugawanywa kwa varianzi, na varianzi ni mraba wa mkengeuko sanifu, yaani kiasi ambacho kipimo kwa kawaida huweza kukosea: kipimo chenye mkengeuko wa milimita 2 kina uzito mara nne ya kile chenye milimita 4.

Mwanahisabati Mfaransa Legendre aliichapisha mbinu hii mwaka 1805 katika kazi iliyohusu njia za nyota zenye mkia, na Gauss, mwanahisabati Mjerumani, akaichapisha mwaka 1809 huku akidai kwamba alikuwa akiitumia tangu 1795, dai lililozua ugomvi uliodumu. Kwa mpima ardhi, lenye maana zaidi ni kwamba tangu mwaka 1821 Gauss mwenyewe alikuwa uwandani akipima pembetatu za Hannover, na nadharia yake ya makosa aliikomaza akiwa na vitabu vya vipimo mkononi.

Kupanua mtandao kuna ugumu gani ambao kujenga mtandao mpya hakuna?

Mtandao mpya una vipimo peke yake. Mtandao unaopanuka una vipimo vipya upande mmoja, na upande wa pili una koordineti za zamani ambazo tayari zimechapishwa, zimechorewa ramani na zimeandikwa katika hati za mipaka. Koordineti hizo nazo ni matokeo ya vipimo, kwa hiyo zina makosa, ila makosa hayo yamejificha: katika orodha ya alama, namba iliyopatikana kwa vipimo hafifu miaka hamsini iliyopita imeandikwa kwa desimali zile zile za namba iliyopatikana mwaka jana. Vipimo vipya, ambavyo kwa kawaida ni bora kuliko vya zamani kwa sababu vifaa vimeboreka, vinalazimika kuunganishwa na msingi ulio dhaifu kuliko jengo. Hitilafu inapojitokeza, swali ni moja tu: nani asogee?

Je, alama za zamani zishikiliwe zisisogee kabisa?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu linaeleweka vyema kwa namba kuliko kwa maneno. Chukua mstari mfupi wa vimo. Alama A ina kimo cha mita 100.000, nasi tunaichukua kuwa rejeo. Alama B ina kimo kilichochapishwa cha mita 105.000, lakini kumbukumbu za usawazishaji wa zamani zinaonyesha kwamba kimo cha B, ukilinganisha na A, kina mkengeuko sanifu wa milimita 8. Tunaweka alama mpya P katikati. Kutoka A hadi P tunapima mita 2.012, na kutoka P hadi B mita 3.004, kila mstari ukiwa na mkengeuko sanifu wa milimita 4. Jumla ya vipimo vipya ni mita 5.016, wakati koordineti za zamani zinadai mita 5.000. Tofauti ya kufunga ni milimita 16.

Tukiishikilia B kana kwamba haina kosa, milimita 16 zote zinabebeshwa mistari miwili mipya, milimita 8 kila mmoja. P inapata kimo cha mita 102.004, na programu inaripoti mkengeuko sanifu wa milimita 2.8. Isitoshe, ukiilinganisha ile tofauti ya kufunga na mkengeuko wake, yaani mzizi wa 16 + 16, ambao ni milimita 5.7, unapata uwiano wa 2.83. Kwa kiwango cha asilimia 5, yaani ukikubali kukilaumu kimakosa kipimo kizuri mara 5 katika 100, mpaka ni 1.96, kwa hiyo jaribio linatangaza kwamba vipimo vipya vina kasoro, na kikosi kinarudishwa uwandani kurudia kazi ambayo huenda ilifanywa vizuri kabisa.

Sasa tuiingize B kama kipimo chenye varianzi yake ya 64. Varianzi ya tofauti ya kufunga inakuwa 16 + 16 + 64, yaani 96, na uwiano unashuka hadi 1.63, ambao hauna la kushangaza. Kila mstari mpya unabeba milimita 2.7 tu, na B inasogea milimita 10.7. P inapata mita 102.0093, ikiwa imetofautiana na jibu la kwanza kwa milimita 5, na mkengeuko wake ni milimita 3.7. B yenyewe imefaidika, kwani mkengeuko wake umeshuka kutoka milimita 8 hadi 4.6, maana vipimo vipya vimeipa taarifa ambayo haikuwa nayo.

Kuna jambo moja zaidi katika mfano huu ambalo ni rahisi kulipita. Ile milimita 2.8 ya njia ya kwanza si kweli. Ukipitisha kosa halisi la B katika hesabu iliyoishikilia, mkengeuko wa kweli wa P unakuwa mzizi wa 24, yaani milimita 4.9. Njia ya kushikilia imetoa jibu baya zaidi, na papo hapo imelisifia kuliko lile zuri. Mpimaji atakayekuja kupanua kutoka P ataiamini ile 2.8, ataishikilia P isisogee, na kosa litarithiwa kizazi baada ya kizazi.

Basi kushikilia ni kosa daima?

Hapana. Pale ambapo mkengeuko wa alama za zamani ni mdogo sana ukilinganisha na wa vipimo vipya, kwa mfano unapofunga upimaji wa viwanja kwenye vituo vya daraja la kwanza vilivyopimwa kwa setilaiti kwa siku kadhaa, kushikilia na kutoshikilia hutoa namba zile zile hadi desimali inayokuhusu. Pia kuna sababu za kisheria na kiutawala: hati haziwezi kuandikwa upya kila mwezi. Lakini uamuzi huo uandikwe kwamba ni uamuzi wa kiutawala, na makadirio ya makosa yakokotolewe kwa namna inayoihesabu varianzi ya alama zilizoshikiliwa. Hakuna kinachomzuia mtu kutangaza koordineti za njia ya kwanza huku akiambatisha uhakika wa kweli.

Kama nina mkengeuko sanifu wa kila alama ya zamani, je, hautoshi?

Hautoshi, kwa sababu makosa ya alama jirani huambatana. Tuseme B na C zote zilipimwa zamani kutoka A kupitia mstari mmoja mrefu, kisha zikatengana mwishoni. Kosa la ule mstari mrefu liko ndani ya zote mbili. Kila moja ina varianzi ya milimita za mraba 64, na kovarianzi kati yao, yaani kipimo cha jinsi makosa yao yanavyokwenda pamoja, ni 60. Varianzi ya tofauti ya vimo kati ya B na C ni 64 + 64 − 120, yaani 8, mkengeuko wa milimita 2.8. Ukiitupa kovarianzi na kubaki na mikengeuko miwili ya milimita 8, utaamini kwamba tofauti hiyo ina mkengeuko wa milimita 11.3. Utakuwa umezidharau alama mbili ambazo zenyewe kwa zenyewe zimeungana vizuri sana, na usawazishaji utaziruhusu zitengane pasipo sababu.

Kwa hiyo kinachopaswa kurithishwa kutoka awamu moja hadi nyingine ni koordineti pamoja na matriksi nzima ya kovarianzi, yaani jedwali lenye varianzi za koordineti zote na kovarianzi kati yao. Zamani hoja ya kuitupa ilikuwa ukubwa wake: alama 1,000 zenye koordineti tatu kila moja hutoa matriksi yenye safu 3,000 na nguzo 3,000. Siku hizi hilo ni faili dogo kuliko video ya dakika chache.

Usawazishaji wa hatua kwa hatua unafanyaje kazi?

Unaanza na koordineti za zamani x na matriksi yake Q. Vipimo vipya l vina kovarianzi R, na matriksi A inaeleza jinsi kila kipimo kinavyobadilika koordineti zinapobadilika. Kwanza unatabiri vipimo vipya vingepaswa kuwa kiasi gani kwa koordineti za zamani, kisha unatafuta tofauti kati ya kilichopimwa na kilichotabiriwa. Tofauti hiyo inazidishwa kwa K = QAᵀ(R + AQAᵀ)⁻¹ na kujumlishwa kwenye x; alama ᵀ ni kubadilishana safu na nguzo, na ⁻¹ ni kuigeuza matriksi. Matriksi mpya ya kovarianzi ni Q − KAQ. Mfano wa alama A, P na B hapo juu ni fomula hii hii, ila imevaa nguo za hesabu za mkono.

Uzuri wa njia hii ni kwamba matriksi inayogeuzwa ina ukubwa wa idadi ya vipimo vipya, si ukubwa wa mtandao mzima. Ukileta vipimo 12 kwenye mtandao wa alama 5,000, unageuza matriksi ya 12 kwa 12. Kwa alama ambazo hazikuwepo kabisa, ni rahisi zaidi kutumia sura ya pili ya hesabu ile ile, yaani milinganyo ya kawaida: unaongeza safu na nguzo za sifuri kwa ajili ya alama mpya, kisha unajumlisha mchango wa vipimo vipya, AᵀPA, ambapo P hapa ni matriksi ya uzito, si ile alama P. Sura hii ina hila moja ambayo wapima wa zamani waliipenda: kipimo kilichogundulika baadaye kuwa kibovu huondolewa kwa kukiingiza tena kwa uzito hasi.

Je, matokeo ya hatua kwa hatua ni sawa na ya kusawazisha vyote kwa pamoja?

Ni sawa kabisa, si kwa kukaribia, endapo masharti matatu yametimia: matriksi ya kovarianzi imebebwa nzima, vipimo vipya na vya zamani havihusiani kimakosa, na koordineti za makadirio zilizotumika kunyoosha milinganyo isiyo ya mstari ziko karibu vya kutosha na ukweli. Sharti la tatu husahauliwa. Milinganyo ya pembe na umbali si ya mstari, na alama ya zamani ikisogea sana baada ya vipimo vipya kuingia, ule unyooshaji wa awali haufai tena; hapo hakuna budi kurudi kwenye vipimo vya asili na kuanza upya.

Kasoro ya datumu ni nini, na mtandao huru ni upi?

Datumu ni mfumo wa marejeo unaosema mtandao upo wapi. Vipimo hueleza umbo la mtandao, havielezi upo wapi, na kasoro ya datumu ni idadi ya namna ambazo mtandao mzima unaweza kusogezwa, kuzungushwa au kubadilishwa skeli bila kipimo kubadilika. Mtandao wa vimo unaweza kupandishwa wote kwa mita 7 na hakuna kipimo hata kimoja kitakachobadilika. Kasoro yake ni 1. Mtandao wa bapa wenye pembe na umbali unaweza kusogezwa pande mbili na kuzungushwa. Kasoro yake ni 3, nayo hufika 4 ikiwa umepima pembe tu, kwa kuwa hata skeli haijulikani. Mtandao wa vekta za setilaiti, yaani tofauti za mahali kutoka alama moja hadi nyingine, unapata mwelekeo na skeli kutoka kwenye vekta zenyewe, na kinachobaki ni kusogea pande tatu.

Mtandao huru ni ule unaosawazishwa kwa masharti machache kabisa yanayotosha kuziba kasoro hiyo, wala si zaidi. Unaweza kuishikilia alama moja, au ukagawa sharti kwa alama zote ili jumla ya masogezo iwe sifuri. Koordineti zitatofautiana kulingana na chaguo lako, na elipsi za makosa, yaani duaradufu zinazoonyesha ukubwa wa kosa kwa kila upande, pia zitabadilika, lakini mabaki ya vipimo hayatabadilika hata kidogo. Hiyo ndiyo sababu ya kanuni ninayoishikilia bila kuona haya: vipimo vipya visawazishwe kwanza vikiwa huru, peke yao, kabla ya kuguswa na alama za zamani. Kama mtandao huru umepita majaribio yote, kisha ukashindwa mara tu ulipounganishwa, unajua kwamba lawama iko kwenye alama za zamani au kwenye uzito wake. Anayeruka hatua hii hana njia ya kujua.

Makosa makubwa hutambuliwaje?

Kwa jaribio la kila baki. Willem Baarda wa Delft, katika maandishi yake ya mwaka 1968, alipendekeza kila baki ligawanywe kwa mkengeuko wake lenyewe na kulinganishwa na mpaka. Kwa kiwango cha 0.001 mpaka huo ni 3.29. Angalizo ni kwamba baki kubwa halimaanishi moja kwa moja kosa kubwa, kwa sababu miraba midogo ina tabia ya kulisambaza kosa la kipimo kimoja kwa majirani zake. Ndiyo maana huondolewa kipimo kimoja tu kwa wakati, chenye uwiano mkubwa kuliko vyote, hesabu zikarudiwa, kisha ndipo kinachofuata kitazamwe.

Jambo la thamani zaidi katika kazi ya Baarda, kwa maoni yangu, ni lile la pili: kosa kubwa kiasi gani linaweza kupita bila kuonekana? Kila kipimo kina namba ya ziada, kati ya 0 na 1, inayoonyesha sehemu ya kosa lake ambayo itajitokeza kwenye baki lake. Jumla ya namba hizo kwa mtandao mzima ni digrii za uhuru, yaani idadi ya vipimo vilivyozidi vile vinavyotosha. Kwa kiwango cha 0.001 na uwezo wa kugundua wa asilimia 80, kosa dogo kabisa linaloweza kugunduliwa ni mkengeuko wa kipimo mara 4.13, ukigawanywa kwa mzizi wa namba ya ziada.

Turudi kwenye mstari wetu wa A hadi B. Katika hesabu iliyoihesabu varianzi ya B, kila mstari mpya una namba ya ziada ya 16/96, yaani 0.17 tu, na B ina 0.67. Kosa la kusoma fimbo kwenye mstari wa A hadi P lazima lifike takriban milimita 40 ndipo jaribio ligundue kwa uwezo huo. Zaidi ya hayo, kwa kuwa kuna kufunga kumoja tu, mistari yote miwili na B zitakuwa na uwiano ule ule, kwa hiyo jaribio litasema kuna kosa bila kuweza kusema liko wapi. Hakuna programu itakayotibu hali hiyo. Dawa ni kupima mstari wa tatu.

Alama iliyounganishwa kwa kipimo kimoja tu ina hadhi gani?

Haina uthibitisho wowote. Namba yake ya ziada ni sifuri, baki lake ni sifuri, na katika ripoti itaonekana safi kuliko alama zote. Msomaji asiyejua ataiona kuwa ndiyo bora. Alama za namna hiyo zisichapishwe kama msingi wa upanuzi unaofuata mpaka zipate walau kipimo cha pili kinachojitegemea, na kujitegemea hapa kunamaanisha kuweka upya kifaa juu ya alama, kwa sababu kosa la kuukosa usawa wa alama au la kuandika vibaya urefu wa antena hujirudia vile vile katika vipimo vyote vya mkao mmoja.

Jaribio la jumla limeshindwa ingawa hakuna kipimo kinachoonekana kibovu. Nifanye nini?

Mara nyingi tatizo ni uzito. Jaribio la jumla huilinganisha jumla ya miraba ya mabaki na kile ambacho uzito ulioutangaza ungetarajia, kwa kutumia mgawanyo wa kai mraba, unaoonyesha jumla hiyo inaweza kuyumba kiasi gani kwa bahati tu. Programu za kuchakata data za setilaiti zinajulikana kwa kujisifu: huchukulia kwamba maelfu ya masomo ya sekunde chache chache yanajitegemea, ilhali yote yameathiriwa na angahewa ile ile, na hivyo hutoa mikengeuko midogo mara kadhaa kuliko uhalisia. Ukizichanganya vekta hizo na pembe za zamani bila marekebisho, pembe hazitakuwa na sauti yoyote.

Njia ya haraka ni kuzidisha kovarianzi zote kwa kigezo kimoja hadi jaribio lipite. Inaondoa onyo bila kuondoa tatizo, kwa sababu makundi yote yanapandishwa kwa kiasi kimoja. Njia bora ni kukadiria varianzi ya kila kundi kivyake, vekta kivyake, pembe kivyake, alama za zamani kivyake, kwa kuangalia mabaki ya kila kundi dhidi ya namba zake za ziada na kurudia hadi zitulie. Helmert, mwanajiodesia wa Ujerumani, aliweka msingi wa utaratibu huu, nao unahitaji kila kundi liwe na ziada ya kutosha. Kundi la vipimo vitano haliwezi kukadiriwa varianzi yake kwa namna ya kuaminika.

Vipi kuhusu vimo vinapochanganywa na data za setilaiti?

Setilaiti hutoa kimo juu ya elipsoidi, yaani umbo laini la kihisabati la dunia, upimaji wa vimo hutoa kimo kinachofuata mvutano wa dunia, na kati yao kuna modeli ya jioidi, yaani uso wa usawa wa bahari unaofuata mvutano huo, yenye makosa yake. Iingizwe nayo kama kundi lenye varianzi.

Je, kama alama zenyewe zinatembea?

Zinatembea. Bamba la Australia husogea takriban sentimita 7 kwa mwaka, na nchi hiyo ilipohama kutoka datumu ya GDA94 kwenda GDA2020, koordineti zilisogea kwa karibu mita 1.8. Katika tetemeko la Machi 2011 nchini Japani, kituo kimoja cha rasi ya Oshika kilisogea mita 5.3 kwa pigo moja. Koordineti bila tarehe, katika kazi ya usahihi, ni nusu ya taarifa.

Kwa sababu hiyo mifumo ya marejeo ya kimataifa, kama ITRF2020, hutoa kwa kila kituo mahali pake kwa tarehe maalumu pamoja na kasi yake, na kwa vituo vilivyokumbwa na matetemeko hutoa modeli ya jinsi ardhi inavyotulia baada ya tukio. Katika upanuzi, vipimo vyote viletwe kwenye tarehe moja kabla ya kuunganishwa, au kasi ziwe miongoni mwa vitu vinavyotafutwa. Ule usawazishaji wa hatua kwa hatua ukiuongezea hatua ya kusogeza koordineti mbele kwa muda na kuipanua kovarianzi kidogo kwa kila muda unaopita, unakuwa kichujio cha Kalman, kilichochapishwa mwaka 1960. Upanuzi huo wa kovarianzi una maana ya kawaida tu: alama ambayo haijatembelewa kwa miaka 20 haistahili kuaminiwa kama siku ilipopimwa.

Ni lini mtandao mzima usawazishwe upya?

Dalili ni pale upanuzi mbalimbali, kila mmoja ukiwa umepita majaribio yake, unapokutana na kupishana kuliko mikengeuko yake inavyoruhusu. Marekani ni mfano uliorekodiwa vizuri. Baada ya usawazishaji uliozaa datumu ya NAD 27, kazi mpya zililazimishwa kuingia kwenye alama zilizoshikiliwa kwa miongo kadhaa, mpaka mikunjo ikawa haivumiliki. Usawazishaji mpya, NAD 83, ulikamilika mwaka 1986 ukiwa na vituo takriban 266,000 na vipimo karibu milioni 1.8.

Kompyuta za wakati ule zisingeweza kulimeza zigo hilo kwa mkupuo. Ilitumika mbinu ya Helmert ya mwaka 1880: mtandao unakatwa vipande, kila kipande kinaziondoa alama zake za ndani na kubaki na milinganyo ya alama za mpakani tu, mipaka inaunganishwa ngazi kwa ngazi, kisha majibu yanateremshwa tena chini. Hakuna kinachopotea njiani. Ndani ya kila kipande milinganyo hutatuliwa kwa njia ya Cholesky, ofisa wa jeshi la Ufaransa aliyeibuni kwa ajili ya kusawazisha mitandao ya upimaji, akauawa vitani Agosti 1918. Njia yake ilichapishwa mwaka 1924, na leo iko ndani ya programu nyingi ambazo watumiaji wake hawajawahi kusikia habari za upimaji ardhi.

Watumiaji wanalalamika kwamba koordineti zinabadilika. Wajibiweje?

Malalamiko yao ni ya haki, na suluhisho si kuacha kusawazisha. Ofisi inaweza kutunza mambo mawili kwa wakati mmoja: usawazishaji hai, unaopokea kila kipimo kinapoingia, na toleo lililochapishwa, lenye namba na tarehe, linalobaki vile vile kwa miaka kadhaa. Toleo jipya linapotoka, litoke na masogezo ya kila alama pamoja na modeli ya kuhamisha data za zamani. Alama ambayo imesogea ndani ya mkengeuko wake inaweza kubakizwa na namba yake ya zamani.

Nini kihifadhiwe ili atakayekuja aweze kuendelea?

Vipimo vyenyewe, kabla ya kusawazishwa, pamoja na uzito wake. Nimewahi kukabidhiwa jalada la mtandao wenye alama zaidi ya mia, koordineti zikiwa zimepigwa chapa kwa uzuri hadi desimali nne, bila ukurasa hata mmoja wa kitabu cha uwandani. Ilibidi alama kumi na moja zipimwe upya ili tu kukisia mkengeuko wa zile zilizobaki. Pamoja na vipimo, itunzwe matriksi ya kovarianzi katika faili lisilotegemea programu moja, orodha ya masharti ya datumu yaliyotumika, vipimo vilivyoondolewa na sababu ya kila kimoja kuondolewa, tarehe ya kila mkao, aina ya antena na jinsi urefu wake ulivyopimwa, wima au kwa mshazari.